Waranti ya Kiingereza

Mdogo wangu alinunua pikipiki mpya Kariakoo kwa mkopo, aendeshe bodaboda Mbagala. Muuzaji akampa kadi ya waranti, Kiingereza kitupu: "Utaisoma nyumbani, dogo." Humo kuna sharti kwamba sevisi ya kwanza ifanyike kwenye gereji yao, ikifika kilomita 500. Kwa bodaboda hizo ni siku chache tu. Injini mpya inapolainika hutoa chembe za chuma, zinabaki kwenye oili. Isipomwagwa mapema, zinaitafuna injini kwa ndani. Hilo nani alimwambia? Ilipoanza kugonga, wakasema waranti imekufa. Nikaenda mwenyewe dukani.

"Kaka, si imeandikwa?"

Imeandikwa, ndiyo. Lakini bei walimtajia kwa Kiswahili, tena fasaha. Sasa pikipiki imelala kwa fundi, na marejesho ni kila Jumatatu.