Bati Lililokataa Gundi

Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazili, na miaka miwili baadaye nyumba nyingi za Kangundo, nchini Kenya, zikavaa mabati. Sisi watoto hatukuwa na habari za Brazili. Tulichoona ni malori yakipanda kutoka Tala yamejaa mabati, na kila mwenye shamba la kahawa akibomoa paa la nyasi. Kahawa ya Brazili ilipokosekana, yetu ikapata bei ambayo wazazi wetu hawakuwahi kuiona. Baba akanunua mabati ya geji 30, yale yaliyopakwa zinki, akaezeka nyumba kubwa. Fedha iliyobaki akaitia kwenye gata la upande mmoja na tangi la bati.

Kwetu Ukambani paa lina kazi mbili, na ya kukinga mvua ndiyo ndogo. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo paa la mita 60 za mraba, ikinyesha milimita 50, lina lita 3,000 za kukupa ukiwa na mahali pa kuziweka. Mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo tuliyoitegemea zaidi, na ilikuwa na tabia ya kuja kwa kishindo siku chache kisha ikaondoka. Gata likivuja kwenye kiungo siku hizo, hakuna siku nyingine ya kufidia. Mama alirudi kubeba mitungi mgongoni, kamba ikimkaza kwenye paji la uso, na njia ya kutoka mtoni yote ni kupanda.

Ndiyo maana fundi wa bati pale sokoni alikuwa mtu wa heshima. Alikuwa na jiko la makaa, vyuma viwili vya kulehemu vyenye vichwa vya shaba, na chupa ya asidi ambayo hatukuruhusiwa kuikaribia. Ndani ya asidi hiyo alitumbukiza vipande vya zinki. Ilichemka yenyewe bila moto, ikatoa moshi, ikatulia. Hapo ndipo aliposema imekufa na sasa inafaa kazi. Alikwangua kiungo kwa tupa mpaka bati likang'aa, akapaka ile asidi kwa unyoya wa kuku, kisha akagusisha chuma cha moto na kipande cha risasi. Risasi ilitambaa kwenye mwanya wote kwa mara moja, ikaingia mpaka ndani. Kazi ya kulehemu ilichukua dakika chache tu. Kukwangua ndiko kulikokula asubuhi nzima, na vijana aliokuwa akiwafundisha waligombezwa kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote: "Bado! Hapo pana weusi. Rudia."

Gata lile lilidumu miaka mingi. Lilitobolewa na kutu kabla viungo vyake havijaachia.

Baada ya mwaka 2000 mabati ya aina nyingine yakaanza kuingia madukani kwetu, na kaka yangu akayachagua alipoezeka upya nyumba ya Mama. Kwa macho yalifanana na yale ya zamani, ila yaling'aa kwa rangi ya fedha zaidi. Mpako wake ni alumini kwa asilimia 55, zinki asilimia 43 na kidogo, na silikoni kiasi cha asilimia 1.6, ni mchanganyiko ulioanza kuuzwa Marekani mwaka 1972, na kwa kutu unashinda zinki tupu kwa mbali. Kaka alichagua vizuri na bado nasema hivyo. Lakini gata lililotengenezwa kwa bati hilohilo lilipoanza kuvuja, yule fundi mzee aliitwa na vyuma vyake, akakwangua, akapaka asidi, akagusisha risasi. Risasi ikajikusanya vitone vitone, ikaviringika na kuanguka chini. Alijaribu tena pahali pengine, ikawa vilevile. Akakunja mfuko wake akamwambia Mama, kwa sauti ya chini, kwamba bati hili yeye hana dawa yake.

Kosa halikuwa lake. Alumini ikikutana na hewa hujifunika papo hapo kwa utando wa oksaidi, mwembamba kiasi kwamba jicho haliuoni, na mgumu. Utando huo ndio unaolinda bati lisioze. Ndio pia unaozuia risasi isishike, kwa sababu ukiukwangua hurudi kabla hujainua mkono. Na pengine ni heri ilivyokuwa, maana risasi si kitu cha kukaa kwenye njia ya maji ya kunywa, na ikikaa juu ya bati la aina hiyo huliharibu upesi.

Pengo aliloacha fundi likajazwa na utepe. Madukani Kangundo na Tala ukaanza kuuzwa utepe mpana wa kujibandika, lami nyeusi upande mmoja na karatasi ya alumini upande wa juu. Unabandua ngozi yake, unabandika, umemaliza. Vijana waliupenda kwa sababu hauhitaji moto wala asidi, na kwa sababu mwenye nyumba anaona kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Ulikaa Agosti, ukakaa Septemba. Oktoba mvua ya kwanza ya nguvu ikaja, kingo zikainuka, maji yakapita chini yake. Ukabandikwa mwingine juu ya ule wa kwanza. Huo nao ukaachia, ukaning'inia gatani kama gamba la nyoka.

Niliuchukua mmoja nikaugeuza. Lami yote ilikuwa bado juu ya utepe, laini, haijachanika popote. Juu ya uso wake palikuwa na vumbi jekundu lililosambaa sawasawa, na chapa hafifu ya yale madoa kama maua yanayoonekana juu ya mpako wa bati. Kwenye gata hapakubaki hata doa jeusi. Kama lami ingekuwa imeshika kisha ikashindwa nguvu, ingekatika katikati: nusu ibaki huku, nusu kule. Hii haikuligusa bati hata siku moja. Ilishika vumbi letu la barabarani, na ule utando wa mafuta au resini ambao bati jipya hutoka nao kiwandani, basi. Paa la jikoni lilikuwa baya zaidi, maana pale palikuwa pameongezeka masizi ya kuni.

Mpwa wangu anaishi Minnesota, jimbo lenye maziwa maelfu, na huko yeye na wenzake wana mashua ndogo ya alumini ya kuvulia samaki. Nilipomtumia picha ya utepe wetu, akanitumia ya kwake. Mashua za aina hiyo huburutwa juu ya changarawe kila zinapopandishwa ufukweni, kwa hiyo wenyewe hubandika ukanda mnene wa plastiki kwenye mkuku ili usilike. Ukanda wake ulikuwa umebanduka upande wa mbele, pale maji yanapopiga, na nyuma yake gundi ilikuwa nzima kabisa, haijachanika. "Mjomba, ni ugonjwa mmoja," akaniandikia.

Wenzake walishamwonyesha dawa. Sabuni na maji kwanza, kisha msasa, kisha spiriti kwa kitambaa safi, kisha dawa ya kutangulia gundi, na hayo yote yafuatane bila kulala, ili utando wa alumini usipate nafasi ya kunenepa na kunyonya unyevu. Siku iwe na joto. Ukandamize kwa nguvu kuanzia katikati. Halafu ungoje: gundi za akriliki za kanda kama hizo, kwenye joto la kawaida, hufikia karibu nusu ya nguvu yake kwa dakika 20, asilimia 90 kwa siku nzima, na nguvu kamili baada ya saa 72. Yeye alikuwa ametia mashua majini jioni ileile. Tena alumini hutanuka karibu maradufu ya chuma. Mashua ya mita tano ikipashwa joto nyuzi 40 huongezeka karibu milimita tano, na gundi changa haiwezi kuvumilia kuvutwa hivyo.

Nilipokuwa nikisoma maelezo yake nilimkumbuka yule mzee na vijana wake. Na nikakumbuka jahazi nililowahi kuliona Lamu limelazwa ubavu maji yakiwa yametoka, watu wakikwangua chaza na mwani na kuliacha likauke, kabla hawajapaka deheni yao ya chokaa na shahamu. Sisi Kangundo tulipouacha moto na risasi tuliacha na kukwangua, kana kwamba vilikuwa kitu kimoja. Utepe uliuzwa peke yake. Katika maduka niliyozoea sikuona aliyemwambia mnunuzi achukue pia kipande cha msasa na chupa ya spiriti, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na tangi linalobaki tupu.

Anayemtengenezea Mama gata siku hizi ni binti aliyesomea chuo cha ufundi. Alikuja Februari, jua la saa sita likiwa limeshakausha bati. Alisugua kila kiungo, akapangusa kwa spiriti, akabadilisha kitambaa, akapangusa tena mpaka kitambaa cha mwisho kikatoka cheupe. Kisha akadondosha maji. Pale yalipojikunja kuwa matone alirudia. Pale yalipotandaa sawasawa aliridhika. Mama, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda akimtazama, akamuuliza amefundishwa na nani, maana anachelewa kama wazee.

Na utepe hakuutegemea kubeba mzigo. Viungo alivifunga kwa riveti, katikati akatia silikoni ya kuziba. Aliinusa kwanza, kwa sababu ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka na hula mpako wa bati. Alitaka isiyo na harufu hiyo. Utepe ukaja juu ya yote, akaukandamiza kwa gurudumu dogo la mbao kutoka katikati kwenda pembeni, akakata pembe zake ziwe za mviringo ili pasiwe na ncha ya kuanzia kubanduka. Alipomaliza akamwomba Mama asimwage maji gatani kujaribu, siku tatu. Mama akamjibu kwamba mvua yenyewe ni ya Machi, kuna muda wa kutosha, na kwamba akimaliza kunawa mikono aje aangalie pia lile la jikoni.