Mlango wa F8

Enzi za Windows XP ndizo zilizonipa jina hapa Kariakoo. Mteja aliyesahau nywila alifika kwenye fremu yangu akiwa ameshakata tamaa, maana fundi wa mtaa wa pili alikwishamwambia dawa ni kupiga Windows upya. Mimi nilikuwa nawasha mashine huku nabonyeza F8, naingia hali salama, na hapo inajitokeza akaunti ambayo mwenyewe hajapata kuiona: Administrator. Kwenye toleo la Home haikuwa na nywila kabisa. Unabonyeza Enter, umeingia. Mteja anashangilia, nami najiuliza ni wangapi wanaoujua mlango huo.

F8 ikigoma, nilikuwa na CD ya programu ya Petter Nordahl-Hagen, Mnorwe. Iliwasha mashine kwa Linux ndogo, ikaenda moja kwa moja kwenye faili la SAM, zinakotunzwa nywila zilizovurugwa kihesabu. Hukuhitaji kuijua nywila ya zamani. Ulikuwa unaifuta tu. Ila kwanza nilikuwa nauliza, "Kuna mafaili yako yenye majina ya kijani?" Kijani kilimaanisha mwenyewe ameyafunga kwa usimbaji, na ufunguo wake umeshikwa na nywila ileile. Ukiifuta kwa nguvu, akaunti inafunguka, mafaili yanabaki yamefungwa.

Kufungua hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kujua mashine ni ya nani. Kijana mmoja alileta laptopu ambayo jina la kuingilia lilikuwa la mama wa watu.

"Ya dada yangu hiyo, fundi."

"Basi mpigie, niongee naye."

Akasema anatoka nje kutafuta vocha. Mpaka leo.

Vista ilipokuja 2007, ile akaunti iliyofichika ikawa imezimwa tangu kiwandani, na BitLocker nayo ikaingia. Diski iliyofungwa kwa BitLocker haijali CD ya mtu: inataka ufunguo wa tarakimu 48, basi. Mafundi wenzangu walilalamika kwamba tunanyang'anywa riziki. Mimi niliona ni haki.

Siku hizi ofisi ndogo ndizo zinazonipa kazi. Nawatengenezea akaunti mbili za msimamizi, za kila siku zinakuwa za kawaida, na ufunguo wa BitLocker unachapwa na kuwekwa kwenye sefu. Wengi wananiona mletaji wa urasimu. Bosi mmoja alikataa, mpaka mhasibu wake alipoacha kazi na laptopu ikaanza kudai zile tarakimu. Ufunguo ulikuwa umehifadhiwa kwenye akaunti binafsi ya mhasibu, aliyeiandaa mashine siku ya kwanza. Bosi akaniuliza nitafungua kwa shilingi ngapi. Nikamwambia hata anipe jengo, siwezi, ampigie mhasibu.

Kumbe mhasibu anadai malimbikizo ya mshahara. Walivutana wiki nzima, kisha akalipwa, na tarakimu zikaja kwa WhatsApp jioni ileile. Kesho yake bosi akaniita nimfungulie akaunti ya pili ya msimamizi, akaomba nimpunguzie bei.