Mahame ya Schokland na mahame ya kwetu

Nchini Uholanzi, katikati ya mashamba ya viazi na vitunguu, ipo bandari isiyo na maji. Mawe ya gati yapo, boriti zilizokuwa zikizuia mawimbi zipo, na pale meli zilipokuwa zikitia nanga sasa ni majani matupu. Mahali hapo panaitwa Schokland. Kwa karne nyingi palikuwa kisiwa. Leo ni mwinuko mwembamba uliozungukwa na nchi kavu pande zote. Juu yake kuna kanisa dogo lililojengwa mwaka 1834, na ndani yake hakuna waumini tena, ni sehemu ya makumbusho.

Siku ya kwanza niliyofika pale nilikaa nje ya lile kanisa, upepo ukinipiga usoni, nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama, wa Kasulu, Kigoma. Neno lililonijia kichwani ni moja tu: mahame.

Naishi katika halmashauri hii ya Noordoostpolder, na kazi yangu ni kuhudumia wazee. Nimewahi kuulizwa na ndugu zangu nyumbani: "Huko kwenu kuna vijiji kweli, au ni miji mitupu?" Vijiji vipo. Tena historia yake ni ya karibu mno kiasi kwamba baadhi ya waliovianzisha ninawaandalia chai kila asubuhi.

Zamani eneo hili lote lilikuwa bahari. Iliitwa Zuiderzee, ghuba ya maji chumvi iliyoingia ndani kabisa ya nchi na kuua watu kila dhoruba ilipovuma. Mhandisi Cornelis Lely alichora mpango wa kuifunga tangu mwaka 1891, lakini serikali ilisitasita mpaka mafuriko makubwa ya 1916 yalipoikumbusha. Sheria ikapitishwa 1918. Mwaka 1932 lilikamilika tuta la Afsluitdijk, kilomita 32 kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, na bahari ikageuka ziwa. Kisha ndani ya ziwa hilo likazungushwa tuta jingine, mitambo ya pampu ikawashwa huko Lemmer, Urk na Vollenhove, na mwaka 1942, nchi ikiwa mikononi mwa Wajerumani, sakafu ya bahari ikaonekana. Takriban hekta 48,000 za tope.

Hapo ndipo nilipovutiwa mimi, kwa sababu walipoitazama ile ardhi tupu walianza kujiuliza swali ambalo na kwetu liliulizwa: watu wakae wapi?

Walichora mji mmoja katikati, Emmeloord, na kuuzungushia vijiji kama shanga: mwanzo walifikiria vitano, mwishowe vikawa kumi. Marknesse, Ens, Kraggenburg, Luttelgeest, Bant, Rutten, Creil, Espel, Tollebeek, Nagele. Kipimo chao kilikuwa baiskeli. Mtoto aweze kufika shuleni na mama aweze kufika dukani kwa baiskeli bila kuchoka, hata upepo ukiwa wa mbele, na upepo wa huku si wa kuchezea. Mashamba yalikatwa kwa rula: mita 800 kwa 300, yaani hekta 24 kila kipande. Kijiji cha Nagele walikabidhiwa wasanifu wa mkondo mpya, wakiwemo Gerrit Rietveld na Aldo van Eyck, nacho mpaka leo ukikiingia unakijua kwa mapaa yake bapa yanayozunguka uwanja mkubwa wa majani. Vijiji vingi vilipewa makanisa matatu, moja la Wakatoliki na mawili ya madhehebu ya Waprotestanti, na shule tatu: ya Wakatoliki, ya Waprotestanti na ya serikali.

Mzee mmoja ninayemhudumia alikuja hapa akiwa mvulana. Siku moja aliniomba nimfungulie droo ya chini, nikamtolea bahasha iliyogeuka rangi ya chai. Ndani mlikuwa na barua ya serikali kwa baba yake: umekubaliwa, umepewa shamba, namba ya kiwanja chako ni hii. Alipitisha kidole taratibu kwenye ile namba. Kupata barua ile haikuwa jambo dogo. Maofisa walikwenda nyumbani kwa mwombaji, wakamhoji kuhusu kilimo na mtaji, wakatazama unadhifu wa nyumba na jinsi mke alivyoiendesha. Wengi walikataliwa. Wapo waliochimba kwa koleo mitaro ya polda hii, yaani nchi hii iliyokaushwa kutoka majini, wakilala kwenye mabanda miaka kadhaa kwa matumaini ya kupata shamba, wasipate. Mzee aliniambia mama yake alipiga deki mara mbili siku ile maofisa walipotarajiwa.

Nami nikamsimulia yangu.

Bibi hakupata barua. Watu wetu, Waha, zamani hawakukaa kwa kubanana. Kila ukoo ulikuwa na kilima chake, migomba imezunguka nyumba, na jirani ni yule unayemwona moshi wake upande wa pili wa bonde. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka watu waishi pamoja ili wapate shule, maji na zahanati, na mwanzo kuhamia kijiji cha ujamaa kulikuwa kwa hiari. Novemba 1973 likatoka agizo: kuishi vijijini ni lazima, na hadi mwisho wa 1976 kazi iwe imekwisha. Kigoma ilikwisha kuanza operesheni yake ya kuhamisha watu kabla ya hapo. Kwa bibi lori lilifika mwaka 1974.

Nilimuuliza habari hizi mara moja tu, nikiwa kidato cha nne, tukichambua maharage barazani.

"Bibi, mliambiwa lini?"

"Mjukuu wangu, tuliambiwa Jumamosi. Jumatatu lori limefika."

"Mkabeba nini?"

"Watoto. Vyungu. Kuku wawili. Jiwe langu la kusagia liliwashinda, likabaki."

Akaendelea kuchambua maharage. Baadaye kidogo akasema lile jiwe alipewa na mama yake, na kwamba paa la nyumba liliezuliwa wao wakiwa bado wanapakia mizigo. Mimi nilikuwa na mtihani wiki ile. Sikuuliza la pili. Bibi alifariki nikiwa tayari huku ughaibuni.

Sisemi operesheni ilileta hasara tupu. Mama yangu alijua kusoma kwa sababu shule ilikuwa hatua chache kutoka nyumba mpya, na ilipofika 1977 na kampeni ya elimu ya msingi kwa wote, hakuna mtoto wa kijiji kile aliyebaki nyumbani. Lakini shamba lilikuwa mbali. Mpangaji wa Kiholanzi alipima mwendo wa mama na baiskeli yake. Wa kwetu alipima barabara, ili gari la serikali lifike. Bibi alitembea saa nzima asubuhi kwenda kulima na saa nzima jioni kurudi na kuni kichwani, na nyani walikula mahindi yeye akiwa njiani. Hiyo ni tofauti ya kipimo, na iliumiza migongo ya wanawake kwa miaka mingi.

Tofauti nyingine kila mtu anaiona: huku watu waliomba kwenda, kwetu wengi walibebwa. Nilidhani hapo ndipo mambo yanapoishia, mpaka niliposoma habari za Schokland.

Kisiwa kile kilikuwa kinaliwa na bahari. Wakazi wake, zaidi ya mia sita, walikuwa wavuvi maskini wa kutupwa, na serikali ilichoka kugharamia kuta za kukilinda. Mwaka 1859, kwa amri iliyotolewa chini ya Mfalme Willem III, wakahamishwa wote. Nyumba zikavunjwa. Watu wakatawanyika: wengine Kampen, wengine Vollenhove, wengine Volendam. Halmashauri ya Schokland ikafutwa Julai mwaka huohuo. Kwa hiyo Waholanzi nao wanajua kuhamishwa kwa amri. Wanajua kuondoka huku umegeuza shingo.

Ila tazama walichofanya baadaye. Polda ilipokauka, majina ya makazi mawili ya kisiwa, Emmeloord na Ens, yalipewa mji mpya na kijiji kipya, ili yasizame na wenyewe. Mwaka 1995 Schokland ikawa mahali pa kwanza Uholanzi kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Vitukuu na vilembwe wa wale wavuvi wana chama chao, hukutana, na wanajua ni ukoo gani ulitoka kwenye makazi yapi. Mabaki ya meli yaliyofukuliwa na majembe ya trekta yamewekewa alama mashambani. Nagele ina makumbusho yake, ndani ya lililokuwa kanisa Katoliki. Nyaraka za ugawaji zimehifadhiwa Lelystad, na mjukuu wa mkulima anaweza kwenda kuyasoma waliyoandika maofisa kuhusu bibi yake.

Kijiji chenye umri wa miaka sabini na kitu, na kila nyumba ina historia iliyoandikwa! Kijiji cha bibi kimepita miaka hamsini. Ukifika ofisini kwa mtendaji utakuta rejesta ya wakazi, mihuri na muhtasari wa mikutano ya karibuni. Ukiuliza nani walishuka kwenye lori la kwanza, utaambiwa, "Labda umuulize mzee fulani," na mzee fulani alizikwa mwaka juzi. Hata majina mengi ya vijiji vyetu ni ya siasa ya wakati ule: Azimio, Umoja, Muungano. Ni majina mazuri na nayapenda, lakini hayakuambii watu walitoka kilima gani.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimelipima kwangu mwenyewe. Najua namba ya kiwanja alichopewa baba wa yule mzee wa Kiholanzi. Jina la kilima alikozaliwa mama yangu sikulijua. Mama mwenyewe alikuwa na miaka sita walipohamishwa. Anakumbuka mwembe na sauti ya maji, basi.

Kuna watakaosema kufukua habari hizi ni kuchokoza migogoro ya ardhi. Sikubaliani nao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilikwisha kuthibitisha ugawaji uliofanyika kati ya 1970 na 1977 na kufunga madai ya maeneo ya zamani. Hakuna anayekwenda kumnyang'anya mtu shamba lake la mihogo kwa sababu kaandika hadithi ya nyanya yake. Kinachochokoza migogoro ni kutojua. Mpaka wa vijiji viwili ukibishaniwa, baraza huita wazee walioona alama zikiwekwa, na aliyekuwa kijana wa miaka ishirini mwaka 1974 leo ana zaidi ya sabini. Wakiondoka hao, patabaki kelele.

Wala usidhani kuandika kunahitaji fedha za Ulaya. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za vijiji hivi vya polda imekusanywa na wakazi wenyewe: mwalimu mstaafu, mama aliyetunza picha kwenye boksi la viatu, kijana mwenye kinasa sauti jikoni kwa babu yake. Sisi tuna simu mkononi kutwa, na tunatumiana vichekesho.

Mwezi uliopita nilimpigia mjomba, kaka mkubwa wa mama, kwa WhatsApp. Nilimwambia, "Shikamoo mjomba, leo sina shida ya harusi wala ya msiba. Nataka uniambie mlikotoka." Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akazungumza dakika arobaini bila kupumzika. Jina la kilima. Nyumba nne za upande wa mashariki na wenyewe. Kisima. Mzee aliyekataa kupanda lori akaketi chini mpaka akabebwa kama mtoto. Na lile jiwe la kusagia: mjomba anasema alirudi kulitafuta mwaka mmoja baadaye, akalikuta limevunjika vipande viwili, akaviacha chini ya mwembe. Nimeyaandika yote kwenye daftari, na sauti yake nimeihifadhi mahali pawili. Jina la kilima sijalitangaza hapa, kwa sababu mjomba ameomba kwanza alihakikishe kwa wenzake wawili waliobaki, na nampa nafasi hiyo kwa heshima.

Basi nawaomba ninyi mnaosoma, mlio Kasulu, Kibondo, Dodoma, Rufiji, Iringa, na ninyi mlio mbali kama mimi. Kama wazazi au mababu zenu walihamishwa wakati wa operesheni, wapigieni wiki hii. Waulizeni pale palipokuwa nyumbani paliitwaje, jirani alikuwa nani, na nini kilibaki nyuma. Wekeni simu irekodi, halafu pelekeni nakala kwa mwalimu mkuu wa shule ya kijiji, maana yeye ana kabati lenye kufuli na watoto wa kusimuliwa. Mjomba wangu ana miaka themanini na mmoja.