Siku tano tu? Mguu wangu na vidonge ishirini

Najua nimepotea wiki mbili nzima, na wengine mmeshaanza kusema nimedisko. Sijadisko jamani, nilikuwa naumwa mguu.

Yote yalianza na fangasi. Mnayajua mabafu yetu ya hosteli, na kandambili zangu zilikatika zamani, bumu likaisha kabla sijanunua nyingine. Kati ya vidole pakachubuka, nikapuuza. Jumatatu moja naamka mguu wa kulia umevimba kuanzia kifundo kupanda juu, unawaka moto, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Kukanyaga chini ni shughuli. Na Jumatano ya wiki inayofuata nina testi!

Zahanati, dokta akaweka mgongo wa mkono wake kwenye mguu mmoja, kisha mwingine, akilinganisha joto. Akasema kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza kujificha, ndiyo maana anatafuta joto na uvimbe. Jina lake selulaitisi: bakteria wamepita kwenye mchubuko wakaingia ndani ya ngozi. Akachukua peni akachora mstari pale uvimbe ulipoishia.

"Ukizidi kuvuka mstari huu, au ukapata homa ya kutetemeka, usingoje kesho. Njoo."

Akaandika flukloksasilini miligramu 500, mara nne kwa siku, tumbo likiwa tupu, siku tano. Vidonge 20, basi. Na dawa ya kupaka ya fangasi, maana mlango usipofungwa mwizi anarudi.

Mama kwenye simu hakuelewa kabisa. "Siku tano? Mwanangu, hiyo ni nusu dozi! Mwambie akuongezee." Rumeti wangu naye, bila aibu: "Vikibaki niachie viwili, mafua yananisumbua." Nilicheka, lakini nikakumbuka mwaka jana mimi mwenyewe niliacha dawa njiani nilipojisikia nafuu, zilizobaki nikamgawia mshkaji mwenye mafua. Mafua ni virusi, antibayotiki haiyagusi. Nilidhani nina roho nzuri.

Siku mbili za kwanza mguu uligoma. Siku ya tatu maumivu yakapungua, uvimbe ukarudi nyuma ya mstari. Jumamosi nimemeza cha mwisho, lakini ngozi bado nyeusi kuliko kawaida na kifundo kimejaa kidogo. Hofu ikanishika. Nikaenda mpaka dirisha la duka la dawa, elfu tano mkononi, nikijiambia niongeze tano nyingine kwa usalama. Muuzaji wala hakuuliza cheti. Sijui nini kilinirudisha, labda yale maneno ya dokta. Nikarudi zahanati.

Akagusa tena. "Joto limeisha, uvimbe unashuka, homa huna. Bakteria wamepigwa. Ngozi yenyewe itachukua wiki kadhaa kurudi ilivyokuwa. Hilo ni la mwili, siyo la dawa. Mguu ungekuwa bado unawaka, ningekuongezea mwenyewe."

Nikaenda kusoma. Mwaka 2004 ulitoka utafiti wa Marekani, watu wazima 87 wenye selulaitisi isiyo na matatizo. Wote walianza na siku tano za levofloksasini. Waliokuwa wanapata nafuu wakagawanywa: wengine wakaendelea mpaka siku kumi, wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa ndani. Kila upande walipona asilimia 98. Hata kitabu cha antibayotiki cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2022 kinaandika siku tano kwa maambukizi ya ngozi yasiyo makali. Siku za ziada zinaleta kuharisha, na zinawapa nafasi bakteria wengine mwilini kuizoea dawa.

Kwa hiyo wadau, "maliza dozi" nimeielewa upya. Dozi ni ile uliyopimiwa wewe. Ukiikata umekosea, ukijiongezea dirishani umekosea pia. Na siyo kila mtu ni siku tano. Mwenye kisukari, au mwenye jipu linalohitaji kupasuliwa, hesabu yake nyingine. Muulize dokta, siyo rumeti.

Testi nimefanya, mguu juu ya kiti cha jirani. Matokeo Mungu anajua. Mama bado ananiuliza kila siku kama nimeongezewa. Rumeti hakupata hata kimoja, na mafua yake yamepona yenyewe.

Ngoja nikimbie, niwahi kipindi cha saa nane. Na kandambili mpya nimenunua!