Mulanda, Kijiji Kilichotupokea

Watoto wakiuliza tulipitia wapi, wengi wetu tunajibu tu, "Tororo." Lakini kijiji kina jina lake: Mulanda.

Kiko magharibi ya mji wa Tororo. Watu wanalima wimbi, mtama na mihogo. Wenyeji ni Jopadhola. Mababu zao walitoka kaskazini, na lugha yao ni ndugu ya Kijaluo, kwa hivyo jirani aliyetoka Kisumu alipowasalimia walielewana.

Tena ule mpaka si wa zamani vile. Hadi mwaka 1902 Kisumu, Uasin Gishu hata Naivasha zilihesabiwa kuwa Uganda. Waingereza wakasogeza mstari kwenye karatasi, watu wakabaki palepale. Ndiyo maana Wateso na Wasamia wako pande zote mbili, kule Malaba na Busia.

Mapema mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi wa Kenya, maelfu yetu tulivuka Busia, Malaba na Lwakhakha. Tukapewa hifadhi Mulanda, halafu mwaka huohuo tukaletwa huku Kiryandongo.

Kuna wazazi wanaficha habari hizi, ati watoto wasahau. Mimi naona heri wajue. Sisi tuliitwa wageni kwenye mashamba tuliyoyalima wenyewe. Mtoto akijua kwamba hata mpaka wa nchi ulisogezwa, hatakuwa mwepesi wa kumwita mwenzake mgeni. Akijua Mulanda, atajua pia kuna waliotupokea bila kuuliza kabila.