Mshale kwa Kila Windo

Kyuso ya Ukambani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa nchi ya vichaka kuliko mashamba. Basi la kutoka Mwingi lilitushusha sokoni, penye maduka machache ya mabati, na kutoka hapo tulitembea hadi kwa Babu, tukipita migunga, mibuyu na mito ya mchanga ambamo akina mama walichimba kutafuta maji. Milima ya Mumoni ilionekana kwa mbali. Pori liliendelea hadi mto Tana, na ndani yake walikuwamo digidigi, tandala wadogo, swala twiga, choroa, na ndovu waliofuata maji. Watu walilima mtama, mawele, kunde na ndengu, walifuga mbuzi na kutundika mizinga. Mvua ilipokataa, nyama ya porini ndiyo iliyowavusha.

Babu alikuwa mwindaji wa upinde, lakini ujana wake aliutumia akibeba bunduki za wengine. Wakamba wengi wa rika lake walifanya kazi hiyo. Wawindaji wa Kizungu walioongoza safari walipenda kuwachukua kwa sababu walijua kusoma nyayo, na hawakutoroka mnyama alipogeuka kuja. Philip Percival, aliyekuwa na shamba Potha karibu na Machakos, ndiye aliyemwongoza mwandishi Ernest Hemingway katika safari ya 1933 na 1934; na katika kitabu kilichotokana na safari hiyo, Green Hills of Africa cha 1935, mbeba bunduki M'Cola ni Mkamba. Mbeba bunduki hakuwa mpagazi tu. Alisafisha mtutu jioni, alijaza risasi, na alipaswa kujua ni bunduki gani ampe bwana wake, na kwa mnyama gani, kabla hajaambiwa.

Kutoka maisha hayo Babu alibaki na ganda moja la risasi, alilolitumia kuwekea ugoro. Nalikumbuka vizuri. Lilikuwa la shaba ya manjano, lenye urefu wa milimita 72, limezibwa kwa kipande cha mti kilichochongwa kikakaa sawasawa mdomoni. Karibu na kitako lilizungukwa na ukingo mnene kama mkanda, na kwenye kitako chenyewe, kulizunguka shimo la fataki, kulikuwa na namba 375 ambayo nilijifunza kuisoma kabla ya kuanza shule. Risasi hiyo ilitengenezwa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, na katika Afrika Mashariki ilipata sifa kuliko karibu risasi nyingine zote kwa sababu iliweza kumwangusha swala bila kumharibu na kumsimamisha nyati bila kubabaika. Babu alisema zilikuwepo za namna mbili ndani ya mkoba uleule: yenye kichwa laini, kinachopanuka ndani ya nyama, na yenye kichwa kigumu, kinachopenya mfupa. Kumpa bwana laini anapokabiliwa na ndovu kulikuwa kumpeleka kaburini.

Miaka mingi baadaye, nikisoma habari za bunduki, nilijifunza kwamba ganda lile lina uzao mkubwa. Mafundi wa Marekani hawakuridhika na risasi za kiwandani. Walichukua ganda lililopo, wakaibana shingo yake ili ishike kichwa chembamba zaidi, au wakalipanua bega ili libebe baruti nyingi, kisha wakachonga chemba ya bunduki ipokee ganda hilo jipya ambalo hakuna duka lililoliuza. Roy Weatherby alifanya hivyo mwaka 1944 kwa ganda la jamii ya ile 375, akapata risasi yake ya .300. Ile iitwayo .25-06 ilitengenezwa mikononi mwa mafundi kwa miongo kadhaa kabla ya kampuni ya Remington kuikubali rasmi mwaka 1969. Anayeagiza bunduki ya namna hiyo hupata mwendo wa kasi na mstari mnyoofu zaidi angani. Hulipia kwa teke zito begani, mtutu unaochakaa mapema, na upweke: risasi zikimwishia safarini, bunduki ya maelfu ya fedha inakuwa gongo.

Niliposoma hayo, nilimwona Babu. Kazi ile ile ya kuchagua, kubana, kupunguza na kuongeza, aliifanya chini ya mkwaju, kwa kisu na kwa meno.

Podo lake halikuwa na mishale ya namna moja. Ulikuwamo wa mti mtupu, wenye ncha butu, wa kumpiga kanga au kwale bila kumchana. Huo ndio tuliopewa sisi watoto. Ulikuwamo mwembamba wenye kigumba kidogo cha chuma, wa digidigi na sungura. Na ilikuwamo mishale mizito ya sumu, iliyofungwa kivyake kwa ngozi, ambayo mtoto hakuruhusiwa hata kuinyooshea kidole. Nilimwuliza siku moja kwa nini asiwe na mshale mmoja mkubwa wa kuwatosha wote.

"Mjukuu wangu," alisema, "mkubwa hauendi mbali, na mdogo hauingii ndani. Niambie kwanza unamfuata nani, halafu nitakupa mshale."

Wano, yaani ufito wa mshale, alilikata kwenye mkole, akalimenya gome, akalikausha kivulini, kisha akalinyoosha juu ya makaa, akiling'ata na kulikunja kidogo kidogo huku akilichungulia kwa jicho moja. Urefu aliupima kwa mkono wake mwenyewe, kutoka kifuani hadi ncha za vidole. Ndiyo maana mishale ya Babu haikumfaa mjomba, aliyekuwa mrefu kuliko yeye; mjomba alikuwa na yake. Manyoya yalikuwa ya tai, yamefungwa kwa uzi wa kano. Vigumba vilitoka kwa mhunzi, aliyevifua kutokana na misumari ya inchi sita, na Babu hakuchukua chochote kabla ya kukilaza kwenye kiganja na kukisikia uzito. Kigumba kikizidi uzito, mshale huinama mapema; kikipungua, mkia hutikisika njiani. Kila mshale ulichorwa alama ya ukoo. Wawindaji wawili wakimjeruhi mnyama mmoja, alama hiyo ndiyo iliyoamua nyama ni ya nani.

Mshale wa sumu ulikuwa na akili ya pekee. Kigumba hakikupigiliwa kwenye wano. Kilikaa kwenye kijiti kifupi kilichochomekwa tu, ili mnyama akikimbia na kujikwaruza kwenye miti, wano lidondoke na kigumba kibaki ndani. Mwindaji aliokota wano lake na kufuata nyayo. Sumu yenyewe ilitokana na mti ambao Waswahili huuita msunguti na Wakamba kivai. Ilipikwa mbali na nyumba na watu waliokabidhiwa kazi hiyo, ikapakwa nyuma ya ncha, ikaviringishiwa ngozi nyembamba isikaushwe na jua. Ndani yake mna kemikali ambayo mkemia Mfaransa Arnaud aliitenga mwaka 1888, nayo inaitwa ouabaini, jina lililotoka kwa Wasomali. Huufunga mlango ambao chembe za mwili hutumia kutoa sodiamu na kuingiza potasiamu, na moyo hupoteza mpigo wake. Mwanasayansi Jens Skou wa Denmark aliuchunguza mlango huo katika miaka ya 1950, kemikali hiyo ikimsaidia kuutambua, na kazi hiyo ikampa tuzo ya Nobel mwaka 1997. Tumboni sumu hiyo hainyonywi kwa urahisi, kwa hiyo wawindaji walikata nyama ya penye jeraha, wakala iliyobaki.

Kuna jambo moja nililiona mwenyewe, na limenifundisha kuliko maelezo yote. Tulikuwa tumetoka kufuata digidigi waliokuwa wakila majani ya kunde. Babu alikuwa na mishale myembamba tu. Kwenye ukingo wa mto wa mchanga tulikutana na choroa dume, peke yake, ametugeuzia ubavu, karibu kiasi kwamba niliona nzi wakicheza kwenye macho yake. Nyama ile ingelisha boma letu na majirani. Babu aliushika upinde bila kuuvuta. Alimtazama choroa hadi alipoondoka kwa hatua zake mwenyewe, kisha akaniambia kwamba mshale mwembamba ungemwumiza bila kumwua, naye angekwenda kufa kwa siku nyingi mahali ambapo fisi tu wangemkuta. Hakuonekana kujuta. Tukaendelea kuwafuata digidigi.

Hata kati ya wenye bunduki wapo waliolijua hilo. Mwindaji Mskoti W. D. M. Bell aliwaua zaidi ya ndovu elfu moja, wengi wao kwa risasi nyembamba ya milimita 7 ambayo wenzake waliiona ya kupigia swala. Aliweza kwa sababu alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, na kwa sababu hakupiga asipokuwa na uhakika. Hesabu ya wanyama wake inanichoma moyo. Lakini maarifa yake ni yaleyale ya Babu: uzito wa chuma haujazi pengo la kutomjua mnyama.

Sheria za kikoloni hazikuuona ulingano huo. Mwenye bunduki na leseni aliitwa mwindaji; mwenye upinde na sumu aliitwa jangili. Katika miaka ya 1956 na 1957, wasimamizi wa hifadhi David Sheldrick na Bill Woodley waliongoza msako mkubwa wa majangili huko Tsavo, na wawindaji wengi wa Kiwata na Kikamba wakafungwa jela. Kisha, Mei 1977, serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji wa wanyama wa porini, hata wa leseni. Babu alisikia habari hizo kwenye redio ya jirani. Aliufungua upote, akaulaza upinde juu darini, akabaki na mizinga yake.

Mimi sitaki marufuku hiyo iondolewe. Ndovu wa Kenya walikadiriwa kuwa zaidi ya laki moja na nusu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kufikia 1989 hawakufika elfu ishirini. Waliomalizwa na bunduki za rashasha ni wengi mno, na bunduki hizohizo zilimwua mlezi wa simba George Adamson huko Kora, upande wa pili wa pori letu, tarehe 20 Agosti 1989. Sheria ya wanyamapori ya 2013 imekataza hata uwindaji wa kitoweo, na nchi yenye watu wengi na wanyama wachache haina budi.

Ninachokidai ni kwamba maarifa yale yaandikwe kabla wazee wa mwisho wa Kyuso, Ngomeni na Tseikuru hawajaondoka: mti upi kwa wano lipi, uzito upi kwa umbali upi, na lini mtu auache upinde bila kuuvuta. Ni sayansi iliyojengwa na watu wetu, kwa vipimo vya miili yao wenyewe. Wale wanaoendelea kuwinda kihalali katika nchi nyingine, wakikaa na fundi kuamua ganda libanwe kiasi gani na kichwa kiwe cha uzito gani, wana haki ya kuisikia pia. Mazungumzo yao mara nyingi huanzia kwenye kasi. Babu angewaanzisha kwa mnyama, kisha umbali, kisha mkono wa mpigaji, na chuma kingekuja mwisho. Naamini utaratibu huo ndio sahihi, kwa mshale na kwa risasi.