Gari la Moshi Lijaribie Mlimani!

Jamani, ukisikia Moshi pana gari la bei poa, usikurupuke kama mimi!

Dalali alinizungusha mjini na ile Corolla, barabara tambarare tupu. "Mangi, injini haijaguswa," akaapa. Nikamwaga akiba ya miaka mitatu.

Jumamosi nikaenda Marangu kumwonyesha bibi. Mpaka Himo, raha mustarehe. Ulipoanza mlima, migomba huku, kahawa kule, mshale wa joto ukapanda kuliko gari lenyewe. Kabla ya Marangu Mtoni rejeta ikachemka, moshi mweupe nyuma! Fundi akacheka: gasketi ya silinda hedi, na ilishaungwaungwa. Nikampigia dalali kudai garantii. "Gari la mkononi, mdogo wangu, garantii ni macho yako."

Basi washikaji, macho tuyatumie. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000, geti la Marangu ni zaidi ya 1,800. Kabla ya kulipa, panda huko na fundi wako, si wa dalali. Liwashe likiwa la baridi. Namba za chesisi na injini zilingane na kadi. Na mauziano yaandikwe.

Bibi nilimfikia, kwa Hiace. Akauliza, "Gari liko wapi, mjukuu wangu?"